Bunduki Fupi ya Risasi za Bastola

Miaka ya tisini nilikuwa mmoja wa wanawake wawili katika mafunzo ya walinzi, nje kidogo ya Nizwa. Mambo mengine yote niliyaweza. Bastola ndiyo iliyonishinda. Kila nikifyatua mkono uliruka, risasi ikaenda kufukua mchanga. Mwalimu wetu, Muomani aliyekulia Bujumbura, aliniambia bila ya kunificha kwamba nisipofaulu wiki ile nitarudishwa afisini kupokea simu.

Asubuhi iliyofuata alinijia na bunduki fupi, haizidi sana urefu wa mkono wangu. Nikamuuliza inakula risasi gani. Akanionyesha zile zile tulizokuwa tukitia kwenye bastola.

"Bastola unaishika kwa mikono tu," alisema. "Hii inashikwa na bega lako na shavu lako pia. Itakwenda wapi?"

Nikaegemeza kitako begani, nikafyatua. Ilinisukuma kidogo tu. Hatua hamsini mbele, tundu lilikuwa katikati ya karatasi. Nikapiga ya pili, ya tatu, mpaka risasi zikaniishia. Moyo ulikuwa ukinidunda kwa furaha, na nilipoona matundu yote yamekusanyika pahala pamoja nilicheka mwenyewe kama mwendawazimu.

Kijana mmoja wa mji wa Ibra, aliyezoea bunduki ndefu ya babu yake tangu utotoni, alisema ile yangu ni ya kuchezea. Mwalimu hakubishana naye. Alisimamisha shabaha ng'ambo ya wadi, lile bonde kavu, zaidi ya hatua mia mbili, akatuita sote wawili. Kijana aliipata mara moja. Risasi yangu iliangukia njiani, vumbi likatimka huko chini.

"Sasa ingieni garini," mwalimu alisema.

Alikuwa amepanga vibati vitano baina ya kuta za matofali, karibu karibu, kama pale getini tutakapofanya kazi. Akatoa ishara. Mtutu mrefu wa mwenzangu ukagonga mlango, kisha ukanasa kwenye mkanda wa kiti. Mimi nilikuwa nimeshateremka. Kibati cha kwanza kililia, nikakimbilia ukutani, cha pili, cha tatu! Sikuhisi mbio wala jua. Yule kijana alipofika ukutani, nilikuwa nimemaliza vyote.

Nilidhani atanuna. Akaja moja kwa moja, akaniomba bunduki ile ajaribu. Alipiga vibati vyake vitano, akageuka huku meno yote nje.

"Dada, wallahi getini naitaka hii. Ile ndefu iachwe mlimani."

Alhamisi nilifaulu kwa bunduki ile ile fupi. Nilimpigia simu baba, aliyekuwa mjini Sur, nikamwamkia shikamoo na kabla hajamaliza kuitikia nikaanza kumhadithia yote kwa mkupuo mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama bega linauma. Nikamwambia hata kidogo, na kwamba kesho nitarudi kupiga tena.