Longi ya Kamera

Enzi zetu sisi watoto wa Amukura, wale tuliokunywa maziwa ya shule kwenye pakiti ya pembe tatu kisha tukaipuliza mpaka ikapasuka, longi, yaani suruali ndefu, haikuwa nguo ya kila mtu. Longi ilikuwa ya baba, ya mwalimu na ya katekista. Mvulana alivaa kinyasa mpaka ndevu zikaanza kuota, na msichana akionekana ndani ya suruali, kina mama walishika midomo kisimani wiki nzima. Leo watoto wananunua longi ambayo goti limeshapasuka dukani. Sisi goti likipasuka tulichapwa kwanza, kiraka kikafuata.

Nayasema haya kwa wivu, sifichi. Na wivu wangu una majina ya watu.

Umeamshwa wiki hii na Amoit, binti ya kaka yangu Omuse. Amekuja likizo kutoka Nairobi, akanipata hapa Busia kwenye kibanda changu cha mitumba. Yeye na wenzake wanaenda kupanda Mlima Elgon, na kulala huko huko.

"Anti, nichagulie longi mbili za safari. Zisiwe nzito, zikiloa zikauke haraka, na mifuko iwe na zipu."

Mgongoni alikuwa na begi lenye mpira mrefu wa kunyonyea maji, eti mtu anakunywa akitembea bila kusimama. Nikamuuliza, "Na ukishiba, nani anakupigapiga mgongo ucheue?" Akacheka. Hawa watoto hata ukiwasema wanacheka.

Nikainama kwenye rundo kumtafutia, na mlima wangu ukanijia.

Tulipokuwa wadogo tuliuona kila asubuhi mvua ikishanyesha. Unatoka kuchota maji, umande unakuuma miguu, na kule kaskazini mlima umejilaza wa bluu kama ng'ombe aliyeshiba. Tukila viazi vitamu vya moto na strungi, chai isiyo na maziwa, tulibishana nani atafika juu. Papa, baba yetu, alisema baridi ya kule inagandisha mate kabla hujatema. Kwenye mchezo wa kalongo wenzangu walikuwa mama na baba, wanapika udongo. Mimi nilifunga majani ya ndizi kwa leso mgongoni, nikazunguka nyumba, nikarudi nikiwaambia nimeona mawingu kutoka upande wa juu. Nilitaka kufika huko kuliko nilivyotaka nyama ya Krismasi.

Nikiwa darasa la sita, Mwalimu Etyang' akatangaza kwamba likizo ya Agosti lori litatupeleka mpaka chini ya mlima, halafu tupande kwa miguu. "Asiye na longi haendi," alisema. "Upupu haujui huyu ni mvulana, huyu ni msichana."

Papa aliposikia aliweka kikombe chini. "Msichana wangu avae suruali? Wenye ng'ombe wakimwona si watafikiri naoza mvulana?"

Mama aliokota kikombe, akaenda nacho jikoni. Jioni, akipuliza moto, akaniambia polepole, "Jumamosi Rispa wa mitumba anafungua belo kule Malaba. Nimeongea naye, uchague longi moja. Lakini fika mapema, ukute kamera."

Wenzangu wa soko mmeshaanza kucheka. Belo la mitumba likikatwa, nguo za kwanza, zile safi zisizo na doa, ndizo kamera. Zile zilizochakaa zinazobaki chini ni fagia. Lakini mitumba ilikuwa imeanza juzi tu, na kamera niliyoijua mimi ilikuwa moja, ya yule mpiga picha aliyekuja kanisani siku ya kipaimara.

Basi nikaoga mpaka nyuma ya masikio. Nikajipaka mafuta, paji likang'aa kama sufuria mpya. Nikavaa gauni langu jeupe la Jumapili, lenye lesi shingoni, na soksi nikavuta juu. Kutoka Amukura mpaka Malaba nilitembea kwa madaha, nikikwepa kila dimbwi na kila vumbi la lori, nisichafuke kabla ya picha. Omuse, aliyeitaka safari hiyo pia, alikuwa amesikia maneno ya mama pale jikoni. Yeye alikimbia, miguu mitupu.

Nilipofika, belo lilikuwa limekatwa zamani. Kina mama wameinama juu yake, migongo tu, nguo zinaruka. Nikasimama kando, mkono kiunoni, shingo nimenyoosha.

Mama Rispa, mwenye belo, akaniona. "Wewe mtoto, mbona umesimama kama mlingoti?"

"Nangoja kamera."

"Kamera ndiyo hii inaisha!"

"Mbona sijaona mtu akipigwa?"

Wenzangu, walicheka! Mmoja alicheka mpaka akakalia sidiria za watu. Wengine walikuwa wamevuka kutoka ng'ambo ya Uganda, wakaulizana kwa Kiganda kuna nini, wakaelezwa, kicheko kikaanza upya. Na katikati ya kicheko hicho Omuse akatokeza na longi begani. Ilikuwa ya rangi ya udongo, kitambaa kigumu, mifuko mpaka mapajani. Ya saizi yetu ilikuwa hiyo peke yake.

"Mama alisema ni yangu," nikamwambia.

"Imeandikwa wapi? Nani alikutuma uvae harusi sokoni?"

Nikamgeukia Mama Rispa, aliyejua vizuri walichoongea na mama. Akapangusa machozi ya kucheka, akasema, "Mambo ya belo ni hivyo, mtoto wangu. Aliyeshika ameshika."

Kwenye fagia nikapata suruali ya mistari, laini, kamba kiunoni. Siku ya safari nikaivaa ndani ya gauni, nikapanda lori. Mwalimu Etyang' akaitazama. "Hii ni nguo ya kulala," akasema. "Basi nenda ukalale nyumbani." Akanishusha mbele ya wote. Lori likaondoka na Omuse amekaa juu ya magunia, akinipungia mkono.

Alirudi pua imebambuka kwa baridi, na maneno yasiyoisha. Hadithi ya mapango ya mlimani tulikula nayo, tukalala nayo. Omuse alipanda mlima, akapanda madarasa, akapanda mpaka Nairobi. Mimi shule niliiacha mwaka uliofuata, na pale Malaba kuna wazee mpaka leo wananiita Kamera.

Nimepona mengi. Nimepona kipindupindu kilichomchukua dada yangu, nimepona mume aliyekuwa na ngumi nyingi kuliko maneno, nimepona lori lililopindukia vibanda vyetu. Hayo nimeyasamehe. Longi ile bado. Omuse, Rispa, Etyang', na papa pia, Mungu amlaze.

Amoit nilimtolea longi mbili nzuri, nyepesi kama alivyotaka. Akazinyoosha, akapima kiuno shingoni vile vijana wanafanya. Halafu macho yakashuka chini ya kiti changu.

"Anti! Na hiyo?"

Ilikuwa ya kamera, ya kijivu, laini, ina zipu za goti, ukitoa vipande vya chini inabaki kinyasa. Belo langu la juzi nilikata mwenyewe, mkono wangu ukawa wa kwanza kuingia, nikaificha.

"Hiyo siuzi."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Yako? Anti, utaenda nayo wapi?"

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma. Nikakunja nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. Akaniangalia, akasema, "Si twende basi. Nafasi iko kwa gari. Tunapita hapa Ijumaa asubuhi."

"Na kibanda nani atauza?"

"Si ufunge. Mlima hauendi mbio, tutapanda polepole."

Alipoondoka niliivaa ndani ya leso. Imenikaa. Nimeshinda nayo mpaka jioni, nafungua zipu za goti, nafunga.

Enzi zetu mtu alikosa safari kwa kukosa longi, na alijua amekoseshwa na nani. Alikuwa na kaka mwizi, mwalimu mkali, baba anayewaza ng'ombe. Siku hizi longi zimejaa soko mpaka tunazikanyaga. Gari lipo, na wa kukuambia twende yupo, tena mtoto wa Omuse. Leo ni Alhamisi na bado sijamjibu. Kesho gari likipita nisipopanda, sitakuwa na jina la mtu wa kutaja.