Mafuta Ndani ya Winchi

Watu hudhani anayechimba kisima ndiye mwenye kazi ya kuogofya. Si kweli. Aliye chini ana mwamba wa kupigana nao. Sisi wa juu kazi yetu ni kumwangalia, na woga wote tunaachiwa sisi.

Kaka yangu mkubwa huchimba visima, nami, dada yake, ndimi fundi wa mashine zake. Tulikuwa Mukuyuni, kwenye mteremko wa mawe matupu. Kompresa moja ilitufanyia yote: chini iliipa upepo nyundo ya kupasulia mwamba, juu iliendesha winchi ya mnyororo iliyoning'inia kwenye miguu mitatu ya chuma juu ya shimo. Winchi hiyo tuliinunua kuukuu kule Kibwezi. Kaka alitaka tuondoe ile kapi ya zamani ya kuvuta kwa mkono, nikakataa, nikaiacha ining'inie pale pale kando yake. Tahadhari kabla ya hatari. Kwa hilo akanibandika jina la Fundi Mwoga, na alipenda kuniita hivyo mbele ya watu.

Mama alituletea uji kila asubuhi. Kaka akishuka, mama alishika mguu mmoja wa chuma, akafumba macho, akaomba mpaka kofia ya kaka ilipopotea gizani.

Asubuhi hiyo kaka alijaza pipa mawe, akaita nivute. Winchi ikapandisha hadi nusu ya njia, ikaanza kukohoa, ikakwama. Nikaachilia kitufe. Hapo breki ilipaswa kushika. Badala yake niliona mnyororo ukishuka polepole, kiungo baada ya kiungo.

"Wewe, mbona pipa inarudi?" kaka aliuliza kutoka chini. Hakuniita mwoga.

"Jibanze kwa ukuta! Usisonge!"

Shimo lilikuwa jembamba, na pipa lilikuwa limeziba njia ya ngazi ya kamba. Pipa likiachia, hakuwa na pa kukimbilia. Nikabonyeza tena, winchi ikanguruma bila nguvu. Nikatazama geji ya kompresa: upepo ulikuwa wa kutosha. Nikaufuata mpira wote wa upepo kwa mkono: haukujikunja, haukuvuja. Basi ubaya ulikuwa ndani ya winchi yenyewe, na winchi iliyobeba mzigo haifunguliwi.

Nikaivuta ndoano ya kapi ya mkono, nikaishikisha kwenye mnyororo wa winchi, chini kidogo ya mashine.

"Mwaitu, kuja tuvute!"

Mama alitupa leso, akaja. Tukavuta, na kipande cha mnyororo kilichokuwa juu ya ndoano kikalegea. Mzigo sasa ulikuwa wetu. Kapi ya mkono ni ya polepole kama mgonjwa anayekwenda msalani. Mama alivuta huku akimwita Ngai kwa Kikamba, nami nilivuta roho mkononi, sikuthubutu kutazama chini. Pipa lilipotokea tukalivutia kando. Kaka akapanda ngazi ya kamba, akaketi kwenye kifusi, mweupe kwa vumbi.

Nilifunga upepo, nikautoa uliobaki kwenye mpira, nikaifungua winchi. Vibamba vya mota, ambavyo hupaswa kuteleza ndani na nje, vilikuwa vimegandishwa na utomvu wa rangi ya kahawia. Kitambaa cha breki kilikuwa kimelowa. Nikagusa, nikanusa kidole. Hayakuwa mafuta ya mashine. Ilikuwa harufu ya kanisani kwetu.

Nilipogeuka, mama alikuwa amekumbatia kichupa kifuani.

"Nilikuwa nakuona ukiiwekea mafuta hapo kwa mdomo yake kila asubuhi," alisema. "Nikawa naongeza haya ya maombi. Kidogo tu. Ndio ishike mtoto wangu vizuri."

Mimi si mtu wa kumeza maneno, na maneno makali yalikuwa tayari mdomoni. Lakini niliona viganja vyake vimechubuka kwa mnyororo. Nikamweleza polepole: mafuta ya zeituni hugeuka gundi ndani ya mota, nayo hukosa nguvu, tena sili ya kuzuia mafuta ilikuwa imechakaa, yakapenya hadi kwenye breki, ikateleza.

"Usiiwekee tena, Mwaitu."

Hakujitetea. Alilitazama shimo, akamtazama kaka.

"Na sasa nitamlinda na nini?"

Nikarudi kwenye winchi.

Nilisafisha vibamba, nikaweka sili mpya na kitambaa kipya cha breki. Nikainua pipa lililojaa mawe shubiri moja tu kutoka ardhini, nikaketi kulitazama. Halikushuka. Bado niliogopa, lakini kaka alikuwa ameshavaa kofia.

"Fundi Mwoga," aliniita, "usiondoe hiyo kapi."

Mama alimsimamisha, akamvua kofia, akammiminia utosini mafuta yote yaliyobaki. Kisha hakwenda kwenye mguu wa chuma. Alishika mnyororo wa kapi kwa mikono yote miwili, na kaka alipoanza kushuka akaomba, macho wazi.