Mkono Juu ya Kompyuta

Haya yalinipata mimi mwenyewe mjini Embu, miaka ya tisini, na kama unataka kucheka, cheka sasa umalize.

Nilikuwa na chuo kidogo cha kompyuta, chumba kimoja chenye sakafu ya mbao, jirani na bucha. Binti yetu Wawira alikuwa amefariki kwa nimonia. Alichotuachia ni sauti yake ndani ya kompyuta moja, siku aliyokuwa akijaribu maikrofoni: "Moja, mbili, tatu. Mama, unanisikia?" Basi, hakuna zaidi.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo mno. Mke wangu alitaka kuisikia vizuri, nikaazima amplifaya na spika za kanisa. Niamini, mvumo uliotoka kwenye zile spika ulimmeza mtoto wetu mzima mzima. Nikabadilisha waya. Nikachomeka mashine zote kwenye soketi moja. Nikazima skrini, nikasogeza amplifaya mbali. Wapi! Mama Wawira alikaa tu kwenye kiti akingoja, na mimi nilitaka kulia.

Jioni, mvua ikinyesha, akaingia mwanamume amevaa gambuti za mpira. Nilidhani ni fundi wa stima.

"Hii kitu inavuma tangu asubuhi," akasema. "Si mngeniita?"

Akaweka kiganja juu ya chuma cha kompyuta. Mvumo ukakatika. Utasema mwili wa mtu hupeleka stima ardhini. Najua, hata mimi nilipogusa pale mvumo ulipungua kidogo. Lakini mtu mwenye viatu vya mpira, juu ya mbao kavu, ataipeleka wapi?

Nikaichezesha ile sauti. "Moja, mbili, tatu. Mama, unanisikia?" Safi kabisa. Halafu, pale ambapo huwa inaisha, ikaendelea: "Mbona hunijibu?"

"Nakusikia, Wawira," mke wangu akasema.

Yule mtu akaondoa mkono, mvumo ukarudi. "Ni hivyo tu," akasema, akatoka. Nilimkimbilia nje nimwombe arudi. Mwenye bucha, aliyekuwa amekaa mlangoni kwake, akaniuliza namkimbiza nani.

Nimemtafuta kwa mafundi wote wa Embu, nikafika hadi Makutano kule Meru. Hakuna anayemjua.

Mke wangu akaanza kuweka kiganja chake pale, kutwa nzima. Wanafunzi wakahama, nikafunga chuo. Ile kompyuta iliungua zamani, lakini iko chumbani kwetu, na hata stima ikipotea yeye hukaa nayo, mkono juu, akisema, "Nakusikia, nakusikia." Hajibiwi. Nimemwombea, nimemgombeza, nimechoka.

Kwa hivyo wewe, spika zako zikivuma, na ndani yake kuna sauti ya mtu wako uliyemzika, ziache zivume. Watu huniambia nimwambie mke wangu kwamba hakusikia kitu siku ile. Nitamwambiaje, na mimi nilisikia?