Binti Yetu na Jina la Pacha

Siku ya tano baada ya kujifungua, nyumba yetu ya mtaa wa Makiso ilikuwa imejaa watu na mtoto alikuwa bado hana jina. Mume wangu na mimi tulimngoja miaka minane. Tulinunua nepi, beseni, hata viatu. Jina tu ndilo lililotushinda, kwa sababu ekografia, ile picha ya tumboni, ilituambia ni mvulana, na papa yangu, baba mzazi, alikuwa amekwisha kumwita Yakobo, jina la babu yangu. Kisha akatoka msichana.

Papa alifika kutoka Yanonge na kikapu cha samaki wa moshi. Alimtazama mjukuu wake kwa furaha, lakini hakumwita kwa jina lolote.

Mdogo wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa na jina tayari.

"Plamedi," alisema. "Plan merveilleux de Dieu, mpango wa ajabu wa Mungu. Siku hizi watu wanaunganisha vipande vya mwanzo tu."

"Sasa mukikatakata maneno vile," papa akauliza, "Mungu mwenyewe atajua munaita nani?"

Nilicheka mpaka mshono ukaniuma.

Mama mkwe wangu alikuwa amempakata mtoto. Yeye ni Mwislamu wa Maniema. Mwanawe alibatizwa akiwa kijana, na mama hakuwahi kumgombeza kwa hilo. Alitaka jambo moja tu: jina liwe na maana nzuri. Akamgeukia papa. "Na Yakobo, maana yake nini?"

Kabla sijamzuia, mdogo wangu alisoma kwenye simu: "Aliyeshika kisigino. Wengine wanasema mdanganyifu."

Papa aliweka chini sahani yake ya lituma, ndizi za kupondwa.

"Baba yangu hakudanganya mutu hata siku moja," alisema. "Alizaliwa mapacha. Mwenzake alitangulia, yeye akamufuata mbio. Padri alipokuja kubatiza, aliuliza nani alizaliwa nyuma. Wakamuonyesha baba. Akasema, bon, huyu njo Yakobo, wa kushika kisigino ya ndugu yake. Ule mwingine surua ilimuua, hata meno hakuota. Baba alikuwa anatuambia, kama si ile jina, hakuna mutu angekumbuka kama walikuwa wawili."

Nina miaka thelathini na sita, na papa yangu ni mtu wa maneno mengi. Lakini sikuwahi kusikia kwamba babu alikuwa na pacha. Nilimwona akijifuta macho kwa mkono wenye mafuta ya samaki.

Mama mkwe aliinuka, akamwekea papa mtoto mapajani.

"Kwetu Yakubu iko nabii, papa," alimwambia. "Njo baba ya Yusufu. Alilia mutoto wake mpaka macho ikapofuka. Mutu wa kupenda vile haiko mudanganyifu."

Mdogo wangu, kwa aibu, alikuwa amerudi kwenye simu. Ghafla akapiga kelele: "Lakini Yakobo kwa Kifaransa ni Jacques! Na ya mwanamke ni Jacqueline!"

Mume wangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amesimama mlangoni, alilirudia jina hilo mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Papa akalijaribu naye, polepole: "Jakelini." Mtoto akapiga chafya, na nyumba nzima ikaamua kwamba amekubali. Mdogo wangu alidai Plamedi liwe la pili, na safari hii papa hakubisha.

Siku ya ubatizo mama mkwe alikaa benchi la mbele na mtandio wake wa kijani. Padri alituuliza wazazi tumempa mtoto jina gani. Mume wangu alivuta pumzi ajibu, lakini papa alikuwa amekwisha kulitamka, kwa sauti ya mtu anayemwita mpiga kasia wa pirogi ng'ambo ya mto. Kanisa likacheka. Mama mkwe akapiga vigelegele, na padri akangoja, akitabasamu, mpaka alipomaliza.