Nyumba Iliyorukwa

Jumapili ya kwanza ya mwaka, kanisani kwetu Chome, mwinjilisti husoma orodha ya jumuiya. Ni karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono pande zote mbili, na kila nyumba ina Jumatano zake: nani atapokea ibada ya alfajiri wiki ya kwanza, nani ya pili, hivyo hivyo mpaka Krismasi. Jumatano ya mwisho kabisa huachwa wazi, maana wakati huo nyumba zote zimejaa watoto waliopanda kutoka mjini na hakuna pa kuweka benchi. Watu huisikiliza orodha hiyo kuliko mahubiri, na simlaumu mtu. Mahubiri ni ya wote, orodha inakutaja wewe.

Tangu nipate akili, nyumba ya kwanza kutajwa ilikuwa ya mama yangu. Jumuiya yetu ilianzia sebuleni kwake, na hata benchi zake sita hulala kwetu sikukuu nzima zikisubiri mwaka ufunguliwe. Mwaka huu nilikaa kanisani nikijua haitatajwa. Mimi ndiye niliyeiondoa.

Nieleze vizuri, nisije nikajipendelea. Sisi ni watoto wanne na wote tuko chini: wawili Dar, mmoja Tanga, mmoja pale Same mjini. Mama anakaa peke yake huku juu, umri wake unaukaribia mwaka wa themanini, na Agosti iliyopita aliteleza kwenye mteremko akitoka shambani, akakaa chini kwenye matope mpaka jirani alipomsikia. Tukakubaliana kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba baada ya Krismasi ahamie kwangu Dar. Kazi ya kumshusha nikapewa mimi kwa sababu, walisema, nina mdomo. Lakini kila nilipoligusa jambo hilo mama alijibu, "Tutaona." Na "tutaona" ya mama yangu tunaifahamu, ni hapana yenye adabu.

Mimi si mtu wa kusubiri. Nikikaa foleni ya benki mguu wangu unacheza wenyewe. Siku mbili kabla ya mwaka kuisha nikaenda kwa mwinjilisti, nikamwambia mama anahama Januari, asimpangie zamu, na tafadhali asimwambie kitu mpaka nimwambie mwenyewe.

"Amekubali?" akauliza.

"Atakubali."

Alikuwa mgeni kwetu, aliletwa katikati ya mwaka kutoka tambarare. Akanitazama kidogo, akasema huko alikotoka mtu akihama hufutwa tu, haina shida. Akafuta. Mimi nikarudi nyumbani nikijiona mjanja. Nilijiambia kwamba orodha ikishasomwa bila yeye, mama ataona mambo yamekwisha na atafunga mizigo.

Kitu kimoja mgeni hakukijua, na mimi, miaka ishirini ya Dar ilikuwa imenisahaulisha. Kwetu nyumba hairukwi hivi hivi. Ikirukwa, ama mwenyewe amefariki na mlango umefungwa, ama ametengwa: ametenda jambo, amezuiwa Meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya watu. Kosa lenyewe halitangazwi. Jina linarukwa tu, na watu wanamalizia wenyewe.

Mama alikuwa benchi la pili, amevaa kitenge kipya nilichomletea. Mwinjilisti alipoifungua karatasi, mama akajiweka sawa kilemba, kama anavyofanya kila mwaka, ili akitajwa aonekane yuko tayari. Ikatajwa nyumba ya jirani yetu wa chini. Mkono wa mama ukabaki palepale kichwani. Ikatajwa ya pili, ya tatu. Ukungu wa msitu wa Shengena ulikuwa umeingia mpaka ndani ya kanisa na mimi nilikuwa natokwa na jasho. Karatasi ikageuzwa, ikasomwa upande wa pili, ikakunjwa. Ndipo mama akaushusha mkono.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, watu hupita kwetu. Tulikuwa tumepika sufuria kubwa la makande, magimbi yamechemshwa, chai ya tangawizi imejaa chupa tatu. Hakuja mtu. Walipita njia ya chini, mmoja mmoja, wakaamkia kwa mbali, "Shikamoo mama," naye akajibu, "Marahaba," nao wakaendelea na safari. Haikuwa ubaya. Mtu wa kwetu huona haya kukutazama ukiwa umeaibika. Nikala makande mpaka tumbo likakataa, na bado sufuria lilikuwa limejaa.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kusema. Sikusema. Niliinuka nikaosha vyombo vilivyokuwa safi, nikatoka, nikapanda kwenye lile jiwe la juu ya barabara ambako mtandao unashika. Ndugu zangu walikuwa wameuliza: vipi, amekubali? Nikaandika kwamba mambo yanaendelea vizuri.

Jumatatu walikuja wazee wawili wa kanisa kuchukua benchi wazipeleke kwa jirani. Mama alichukua kitambaa akakilowesha, akafuta benchi moja baada ya nyingine, juu na chini ya miguu, ndipo akawaruhusu wazibebe. Sakafu ikabaki na alama zake. Mama akafagia hapo mara mbili siku hiyo, na mimi nikaenda tena kwenye jiwe.

Jioni tulikaa jikoni, yeye kwenye kigoda karibu na mafiga, mimi nikiinuka kila mara kuangalia kitu ambacho hakikuhitaji kuangaliwa. Akasema, bila kunitazama, "Nimezipitia amri zote kumi. Sikuua, sikuzini. Nimepata moja tu. Ni maji."

Sikuelewa. Akanieleza. Mwaka nilioingia kidato cha kwanza jua lilikuwa kali na maharage yetu yalikuwa yanakauka. Maji ya mashamba yale hukusanywa kwenye ndiva, lile bwawa la udongo lililo juu ya kijiji, na kila mwenye shamba hufungulia kwa zamu yake. Siku ile zamu ilikuwa ya jirani wa chini. Mama alitangulia alfajiri, akafungulia ndiva, akayageuzia maji kwenye maharage yetu mpaka yakaisha. Maharage yale ndiyo yaliyonunua sanduku langu la shule, sare na godoro. Hakumwambia mtu, hata baba hakujua.

"Nani kawaambia sijui," akasema. "Lakini ni haki yao."

"Mama, hayo yalishapita."

"Hayajapita. Si yamesomwa jana?"

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Mimi mwenye mdomo! Ningesema neno moja tu, mama angeupumzisha moyo wake usiku huo. Lakini sasa kosa lilikuwa limekua. Juzi lingekuwa ujanja wa mtoto, leo lilikuwa la mtoto aliyemwacha mama yake atafute dhambi ambayo haipo mpaka akaikuta nyingine. Nikaogopa uso wake. Nikasema naenda kulala, nikajigeuza kitandani kama samaki aliyetupwa nchi kavu.

Jumanne asubuhi mama alifunga kuku jike mwekundu miguu, akachukua fimbo yake, akateremka kwa jirani. Nilimfuata nyuma nikimsihi kwamba kuna tope, ataanguka tena, tungoje jua. Akazidi kuteremka. Jirani ni mwanamke wa umri wake, waliolewa kijiji hiki mwaka uleule, na ndiye aliyemtoa kwenye matope Agosti ile. Mama akamweka kuku chini, akasema yote, tangu alfajiri ile mpaka sanduku.

Jirani akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kumbe ni hilo? Mwenzangu, nilikuona. Nilikuwa nakuja na jembe langu, nikakuona umeinama mferejini. Nikageuza nikaenda kuchuma mboga. Nilijua mtoto wako anakwenda shule."

"Na maharage yako?"

"Yalikauka. Tukala mihogo." Akanigeukia mimi niliyesimama mlangoni. "Na wewe mbona huketi? Tangu uje umesimama tu."

Nikasema niko sawa. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akamrudishia mama kuku wake, akasema hawezi kulipwa kwa kitu alichokitoa.

Nilidhani mama atapanda kilima na moyo mwepesi. Haikuwa hivyo. Katikati ya njia akasimama, akaegemea fimbo. "Kama hakunishitaki yeye," akasema, "basi sio maji. Basi ni nini?" Akaendelea kupanda, na mimi niliyekuwa nyuma yake nikaona jinsi mgongo wake ulivyopungua. Nililia bila sauti mpaka nyumbani.

Jumatano, saa kumi na mbili alfajiri, jumuiya ikakusanyika kwa jirani. Watu walijaa kwenye zile benchi sita, pumzi zao zikionekana kwa baridi. Mama hakwenda mbele. Alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, mahali ambapo waliotengwa hukaa bila kuambiwa na mtu. Kumwona amekaa hapo, magoti pamoja, watu kila mmoja akijifanya haoni, ndiko kulikonishinda. Mwinjilisti aliuliza kama kuna mwenye neno kabla ya sala ya kufungua. Nikasimama.

Sikusema vizuri. Nilisema mama hana kosa, kosa ni langu. Nilisema nilikwenda kwa mwinjilisti kwa siri nikamfuta mama yangu ili apate kuondoka, na mwinjilisti asilaumiwe maana nilimdanganya. Nilisema nimemwona akijitafutia dhambi siku tatu na nimenyamaza. Nikaketi. Benchi likalia.

Mzee mmoja akakohoa. Kisha jirani, akiwa amesimama na birika lake, akasema, "Ndiyo maana hukai." Mtu akacheka, wa pili akacheka, kicheko kikazunguka nyumba nzima, cha watu waliokuwa wamebanwa tangu Jumapili na hawakujua wapumulie wapi. Wanawake wawili wakamshika mama mikono wakamleta mbele. Yeye hakucheka. Mimi hakunitazama hata kidogo.

Alipokaa, akamwuliza mwinjilisti, "Kuna Jumatano gani iliyobaki?"

Mwinjilisti, masikini, uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu kuliko wangu. Akaifungua karatasi. "Tunaweza kupanga upya yote, mama. Wewe uanze."

"Msivuruge za watu. Nimeuliza iliyobaki."

"Ni ile ya mwisho wa mwaka tu. Ile isiyo na mwenyewe."

"Niandikie hiyo."

Akaandika, ameweka karatasi juu ya Biblia. Mama akangoja amalize.

"Na mwenyeji usiniandike mimi," akasema. "Mwandike huyu." Hakuninyooshea kidole, alinisogezea kidevu tu. "Nikiwapo nitakaa kwenye benchi kama mgeni. Nisipokuwapo, yeye ndiye atakayefungua mlango."

Hakuna aliyecheka tena. Mwinjilisti akaandika jina langu, akalisoma kwa sauti mbele ya watu kama wanavyosomwa wengine, na jumuiya ikaitikia amina. Tukaimba. Chai ikamiminwa. Mama akanywa vikombe viwili, akaomba na magimbi.

Alhamisi niliteremka na gari la asubuhi. Nilikuwa nimemwekea mama kiti cha mbele, karibu na dereva, ili asitikiswe sana na mashimo. Alinisindikiza mpaka barabarani na fimbo yake, akaweka kwenye kiti hicho mfuko wa magimbi na yule kuku mwekundu, amefungwa miguu. "Huyu hana mwenyewe," akasema. "Nenda naye." Nikamwomba msamaha hapohapo, mbele ya dereva. Akaniwekea mkono shavuni, mkono wenye harufu ya moshi, akasema, "Ukae sasa. Gari linaondoka."

Nilikaa. Njia nzima ya kushuka, ukungu ukibaki juu na joto la tambarare likianza kuingia madirishani, nilikuwa nasikia neno moja tu, nisipokuwapo. Alikuwa amelisema kama mtu anayepanga nani atateka maji. Tulikuwa tumehangaika miezi yote ile kumtafutia mama pa kwenda, na yeye alikuwa anatafuta nani atabaki.

Same mjini, simu ikashika mtandao na maswali yakamiminika. Yuko wapi? Umekaa naye mbele? Amebeba dawa zake? Nikaandika: "Mama hashuki. Mwisho wa mwaka napanda mimi, nina zamu."

Ndugu yangu wa Tanga akauliza zamu ya nini. Nikamwangalia kuku kwenye kiti cha mama, nikaandika, "Ya kufungua mlango."