Siku Tuliyomkandika Mgeni Ndani ya Nyumba Yake

Nikisikia watu wa siku hizi wanakaa vikao vitatu kupanga namna ya kumkaribisha mgeni kanisani, hucheka mpaka kifua kikauma. Sisi hatukuwa na kikao hata kimoja, na mgeni wetu tulimkaribisha mpaka tukamzibia ukutani.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya Wakoloni. Lori lilimteremsha mgeni huyo kwenye kambi ya Thika akiwa na watoto watatu, vyungu viwili na cherehani isiyo na gurudumu. Walikuwa wamefukuzwa Tanganyika pamoja na Wakikuyu wengine wa huko. Huko ndiko alikozaliwa, na kanisa letu ndilo lililomchukua kutoka kambini. Kikuyu chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini Kiswahili chake kilinyooka hivi kwamba sisi wa kanisa la Murera tuliona haya kufungua midomo mbele yake. Haya yenyewe haikudumu. Tulifungua midomo na hatukuifunga tena.

Hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, alitoa sharti moja. Angepita Jumamosi saa kumi. Akikuta nyumba imekamilika na mwenyewe yumo, angemwandika kuwa mtu wa hapa. Asipokuta, Jumatatu mama na watoto wangerudishwa kambini Thika, na kutoka hapo hakuna aliyejua wangepelekwa wapi.

Wazee wa kanisa walisimamisha nguzo na kuezeka nyasi. Fito walizizungusha nyumba nzima bila kuacha nafasi ya mlango, kwa sababu shemasi fundi aliamini kwamba mlango ukatwe mwisho, udongo ukishashika, la sivyo nyumba itapinda. Akachomeka vijiti viwili chini kuonyesha mahali pa mlango, akaenda zake kwenye shamba la kahawa.

Asubuhi ya Jumamosi tukafika sisi akina mama. Wa Gatongora, majirani zetu, nao wakafika, kwa sababu walikuwa wamesikia tunafanya jambo jema na hawakutaka tulifanye peke yetu. Mwenyekiti wetu akawatazama mikono, akasema:

"Hiyo mikono ya kushona vitambaa itaweza udongo?"

Wa Gatongora wakapiga kelele, na mashindano yakaanza hapo hapo. Sisi tungeanzia nyuma tuzunguke kulia, wao wazunguke kushoto, tukutane mbele. Watakaochelewa wangewapikia wenzao Jumapili baada ya ibada.

Mimi nilikuwa nimeolewa miezi mitano tu. Nilikuwa mrefu kuliko wote, na mdomo wangu ulikuwa mrefu kuliko mimi. Nikikasirika nafanya kazi ya watu watatu, na siku hiyo mama mmoja wa Gatongora aliniambia nakandika kama mtu anayepaka mtoto mafuta. Basi! Nilichota udongo kwa mikono miwili. Tuliimba, tukatukanana kwa nyimbo, tope likapanda mpaka kwenye nyusi. Mgeni alitaka kusaidia, tukamwambia apumzike, maana mgeni hafanyi kazi. Tulimwambia hivyo mara nne. Vile vijiti viwili vya shemasi tulivikanyaga bila hata kuviona.

Mbele ya nyumba tukakaribiana. Pengo likabaki la mikono mitatu, la mikono miwili, la kiganja. Mama wa Gatongora akainua donge lake. Nikamsukuma kwa kiuno, nikabandika langu, paa! Vigelegele vikapaa. Tulikumbatiana tukaanguka topeni, washindi na walioshindwa, tukicheka kama vichaa.

Hapo ndipo hedimani alipotokea na fimbo yake na daftari lake.

Akaizunguka nyumba mara moja. Akaizunguka mara ya pili, polepole.

"Mlango iko wapi?"

Nilitazama ukuta, nikatazama mikono yangu.

"Iko," mwenyekiti akasema. "Iko... inakuja."

"Na mwenyewe iko wapi?"

Tukageuka. Watoto walikuwa pale kwa ajuza mmoja wakinywa uji. Mama yao hakuwepo. Hedimani akatoa penseli nyuma ya sikio, nami nikaomba nimeze ulimi wangu na kiburi changu kwa pamoja. Alipogonga ukuta kwa fimbo ajaribu ugumu wake, sauti ikatoka ndani:

"Karibu, bwana!"

"Ngai, Mungu wangu!" mwenyekiti akapiga kelele.

Kumbe tulipomkataza asifanye kazi nje, alijipenyeza ndani kimya kimya kati ya fito zilizokuwa bado hazijakandikwa, akawa anakandika upande wa pili wa ukuta wetu.

"Mama, mbona hukuita?" nikamlilia.

"Niliwasikia mnaimba kwa furaha sana," akajibu. "Nikadhani ndiyo desturi ya huku. Mwenye nyumba anafungiwa kwanza."

Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hedimani hakucheka.

"Nitajua aje hii nyumba ni yako?"

"Bwana," ile sauti ikasema, taratibu, "ninyi wote mko nje. Mimi niko ndani na siwezi hata kutoka. Ikiwa si yangu, ni ya nani?"

Hedimani akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika, na machozi yakamtoka kwa kicheko. Akaandika jina, akaligonga kwa penseli, akaondoka akijisemesha njia nzima.

Nilikimbilia panga. Wa Gatongora nao wakaleta lao, na ubishi ukaanza upya: mlango ukatwe upande wa kanisa, hapana, upande wa mto. Ndipo yule ajuza aliyekuwa na watoto akatuuliza kama kuna aliyemwuliza mwenyewe. Tukatazamana. Tulikuwa tumempa kiwanja, nguzo, uji na nyimbo, na tangu ateremke kwenye lori hakuna aliyemwuliza anataka nini. Niliona haya ya kweli, si ile ya Kiswahili.

Nikaweka mdomo ukutani. "Mama, mlango utazame wapi?"



"Utazame barabara ya Thika," akasema. "Baba yao alikamatwa njiani. Wakimwachilia atakuja na njia hiyo, na sitaki apite."

Hakuna aliyekuwa anajua kwamba ana mume. Wa Gatongora na wa Murera tukazunguka upande ule, tukaanza kukata.