Dada Nyaya Anasubiri Alhamisi

Saa mbili asubuhi, Dada Nyaya anazigawa nywele za mwanamke aliyeketi mbele yake. Anapaka dawa nzito inayonata, anabandika kidude cha chuma chenye waya, kisha kingine, mpaka vinaenea kichwa chote.

"Fumba macho, mama. Na usicheke! Ukicheka, mistari yangu kwenye skrini nayo inacheza ngoma," anamtania.

Jina la Dada Nyaya walimpachika wagonjwa, kwa sababu ya nyaya hizo. Yeye ni mpimaji wa mawimbi ya ubongo hospitalini, kazi ya miaka kumi na minne. Siku hizi watafiti wanamletea watu wenye tatizo la akili ambalo madaktari huliita haiba ya mpakani: watu wanaopenda kwa moyo wote asubuhi, na jioni, simu isipopokewa tu, wanaamini wametupwa. Watafiti wanataka kuona ubongo unafanya nini hofu hiyo inapowashika.

"Watu wanasema wana visirani. Visirani wapi! Wanaumia," anasema, na sauti inampanda.

Ana sababu. Mdogo wake, kitinda mimba wao, anaumwa hivyo hivyo. Utotoni walilala kitanda kimoja. Miaka mitatu iliyopita Dada Nyaya aliolewa, akahama. Mdogo wake akamwambia, "Umeniacha, basi mimi nimekufa kwako." Tangu hapo, kimya.

"Nimemkumbuka mpaka naumwa," anasema bila kuficha. "Nikisikia mtu anacheka kwenye korido, nageuka."

Wiki iliyopita simu ikalia. Ni yeye! Amejitolea kupimwa kwenye utafiti huo huo.

"Nakuja kwa ajili ya utafiti, dada. Usijipe moyo."

"Njoo hivyo hivyo, mama'ngu. Njoo hata umenuna."

Ila kuna sheria: ndugu hampimi ndugu. Mkubwa wake wa kazi amekataa katakata. Mdogo mtu akimwona dada yake tu, mkubwa huyo anasema, mawimbi yatabadilika. Kwa hiyo Alhamisi, siku ya kipimo, mwenzake ndiye atakayembandika nyaya, na Dada Nyaya atakaa nje ya mlango.

Amekubali, shingo upande. Lakini ana lake moyoni.

"Kipimo kikiisha, ile dawa inaganda kwenye nywele. Peke yako huwezi kuimaliza. Anatakiwa mtu akuinamishe kwenye sinki, akumwagie maji ya uvuguvugu, akusugue taratibu. Kumpima nimekatazwa. Kumwosha, nani kanikataza? Taulo nimeshanunua. Akikataa, aende nalo. Nitamsubiri tena."